Kahawa ya Alhamisi Jioni

Mek Nab alikuwa hataki pesa. Alilisema hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole, na waliorudi mara ya pili aliwaambia upya. "Pesa mimi za nini, na umri huu? Mimi nataka waseme. Wasimame mbele ya hakimu waseme, sisi ndio tuliomuua Deraman." Na hao wenyewe kila mtu pale mjini kwao Pasir Puteh aliwajua ni nani, ni hospitali. Mwanawe aliingia hospitali kwa miguu yake, akilalamika kwamba kifua kinambana, na kabla watu hawajatoka msikitini Ijumaa ile alikwisha kufunikwa shuka. Akazikwa siku ileile kabla ya magharibi. Daktari alijaribu kutaja habari ya kumpasua ili sababu ijulikane, Mek Nab akampiga kwa mkoba wake.

Sasa wakili aliwaita ofisini kwake, mjini Kota Bharu. Mek Nab alivaa nguo yake ya Idi, akajipaka poda, akapanda gari la binti yake Rogayah na kukaa mbele. Selamah, mjane wa Deraman, alikaa nyuma na kapu la wali aliowapikia wa kula njiani. Njia nzima hakuna aliyegeuka kumsemesha.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na lifti haikuwepo. Mek Nab alizitazama zile ngazi, kisha akayatazama magoti yake.

"Nenda wewe," alimwambia mkaza mwanawe. "Sisi tunakungoja hapo mgahawani. Ukirudi unieleze neno kwa neno. Usinifupishie."

"Na umwambie na mimi ni dada wa marehemu," alidakia Rogayah. "Asije akadhani ndugu hatuko."

*

Wakili aliitwa Thilaga, msichana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, mmoja wa wale mawakili wanaowatetea wasio na uwezo. Juu ya meza yake palikuwa na boksi la kahawa lenye picha ya mafahali saba wakikimbia. Selamah alilitambua mara moja. Alilitoa yeye mwenyewe kabatini kwa Mek Nab, wakili alipomwagiza alete kila kitu alichokula na kunywa Deraman siku mbili za mwisho.

"Dada Selamah, nitakwambia bila kuzunguka," alisema Thilaga. "Hospitali haina kosa."

Selamah aliendelea kulitazama lile boksi.

"Sababu imo kwenye hii kahawa. Wamesaga humu dawa ya nguvu za kiume, ile ya vidonge, ambayo duka la dawa haliwezi kukuuzia bila cheti cha daktari. Wameitia nyingi kweli. Na damu ya mumeo, ile waliyomtoa alipofika, imekutwa na dawa hiyohiyo. Sasa dawa hiyo na kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi haviwekwi katika mwili mmoja. Vikikutana, presha inaporomoka, moyo unasimama. Kila daktari anajua. Ndiyo maana huwa wanauliza kwanza." Akafungua faili. "Na huyu aliuliza. Ameandika hapa. Mgonjwa aliulizwa kama ametumia dawa ya nguvu za kiume, akakana."

Hapakuwa na haja ya kumsomea Selamah. Alikuwepo. Lo, alikuwepo! Kitanda kilizungukwa na ukoo mzima, maana kule mtu akiugua hawaji wawili, huja wote: Mek Nab kichwani anamfuta jasho, Rogayah miguuni anamkanda, shemeji, jirani, mpaka mwadhini. Yule daktari kijana akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza saa. Baba, umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume jana au leo? Mwadhini akakohoa, na Rogayah akaiachia miguu ya kaka yake. Deraman alimtazama mkewe kitambo kidogo, kisha akasema hapana. Naye kwa upande mmoja hakusema uongo, kwani kahawa ni dawa? Lakini Selamah aliijua kahawa ile, iliyouzwa kwamba ni ya mizizi ya msituni. Alijua kwamba usiku mume wake akiinywa alikuwa mtu mwingine, na walikuwa wakicheka chinichini ndani ya chandarua kwamba mizizi ya Mama inatwanga. Angelisema neno moja. Angelisema, daktari, kuna kahawa. Mbele ya mama mkwe, mbele ya wifi, mbele ya mwadhini! Akainamisha macho akatazama miguu ya kitanda, na daktari akamwambia Deraman ainue ulimi.

"Nani alimnunulia?" aliuliza Thilaga.

"Mama mkwe wangu."

Wakili aliweka kalamu chini.

"Alikuwa anataka mjukuu," alisema Selamah. "Deraman ndiye mwanawe wa kiume peke yake. Mimi nimeolewa naye mwaka wa pili huu, sijashika mimba. Basi kila Alhamisi mama huenda soko la jioni akanunua. Alhamisi, kwa sababu usiku wake ni wa Ijumaa, unajua watu wetu, ndiyo siku ya... siku ya mke na mume. Anampikia mwenyewe. Mimi hata kijiko haniruhusu kugusa, anasema mkono wangu ni mzito."

"Alinunua wapi hasa?"

"Kwa yule mwenye kipaza sauti."

"Basi tuna kesi," alisema Thilaga, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Yule ni wakala wa kampuni inayotengeneza kahawa hii. Kampuni yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba kibanda kile ni chao. Watakachosema mahakamani ni kwamba hizi paketi ni bandia, zimenunuliwa uchochoroni. Wanasema hivyo siku zote, na siku zote wanashinda, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kusimama mbele za watu aseme nilinunua dawa ile, pale, kwa mkono wangu. Wanaume wanaona haya. Lakini mama mzee aliyemnunulia mwanawe! Nani atamcheka mama? Akisema tu, nilinunua pale, nikaambiwa ni mizizi mitupu, wamekwisha."

"Yeye hajui," alisema Selamah. "Anadhani ni hospitali."

"Basi mwambie. Umwambie kabla ya siku ya kesi, asije akaisikia kwa mawakili wao."

Selamah aliteremka ngazi zile taratibu mno. Mek Nab alikuwa amemaliza chai, midomo imekaza.

"Amesema ni wao?"

"Amesema kesi ipo, Mama."

"Si nilisema!" Mek Nab akawageukia watu wa meza ya pili, asiowajua. "Kesi ipo!"

*

Kumwambia. Ni neno jepesi hilo mdomoni mwa wakili. Selamah aliamka kila siku akisema leo, akalala akisema kesho. Asubuhi aliuza wali wa buluu, ule unaotiwa rangi ya maua, na samaki mbele ya ile karakana ya Deraman ya kuziba pancha, iliyofungwa sasa, na kila siku ilikuwa na karaha zake, maana habari za boksi la kahawa zilikwisha kuvuja. Nani alizivujisha hakujulikana.

"Dada Selamah," mwendesha lori mmoja alimwambia, huku wenzake wamekwisha kuanza kucheka, "ile kahawa haikubaki hata paketi moja? Mimi moyo wangu mzima kabisa."

"Wali unataka wa samaki au wa kuku?"

"Nataka wa kunifanya nife nikicheka."

Wakaangua kicheko. Selamah akamfungia wali wake katika jani, akamkabidhi, akapokea pesa na kumshukuru. Angefanya nini? Wateja ndio hao.

Wifi yake naye hakumwacha. Rogayah alikuwa na tabia ya kusema na ukuta. "Wanawake wengine," angesema huku akijipepea, "wanamkuta mtu mzima, ana presha yake, anaziba pancha zake, wao wanataka jogoo. Haya, wamempata jogoo. Kawika mara ya mwisho." Na Mek Nab, aliyenunua kahawa kwa mkono wake, aliketi palepale akiyasikia hayo, asiseme kitu.

Hilo ndilo lililomfanya Selamah aseme. Hakusema kwa ajili ya kesi. Alichoka, roho ikamjaa. Walikuwa wawili jikoni, wameweka ungo katikati, wanakata mikia ya choroko zilizochipua kwa ajili ya wali wa kesho.

"Mama, si hospitali."

Mek Nab aliendelea kukata.

"Ni ile kahawa, Mama. Wameipima. Wametia dawa ndani, dawa kali ya kizungu. Sio mizizi. Ilipokutana na kile kidonge cha moyo ndiyo ikamuua. Si kosa lako. Wakili anasema si kosa lako hata kidogo, wewe ulidanganywa. Anachotaka ni useme tu pale mahakamani ulipoinunua."

Vidole vya yule mama havikusimama. Aliokota choroko moja, akaikata mkia, akaitupa ndani ya bakuli. Akaokota nyingine. Selamah alifikiri hakusikia, akafungua kinywa arudie.

"Hizi mbovu," alisema Mek Nab. "Siku hizi anayekuuzia choroko anakupunja."

"Mama..."

"Mwanangu aliuawa na kile kidonge cha chini ya ulimi. Niliona kwa macho yangu. Alikiweka, akafa. Kahawa alikuwa anainywa miezi na miezi, mbona haikumuua?" Akainuka kwa kushika meza, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Selamah alizimaliza zile choroko peke yake.

*

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Mek Nab alitoka amejifunga mtandio. "Nipeleke sokoni," alisema. Tangu msiba hakuwahi kukanyaga soko lile.

Kibanda kilikuwa mahali pake, kati ya muuza maboga na muuza nguo za ndani, na kipaza sauti kikinguruma mpaka ng'ambo ya barabara. "Haya mabwana, haya mabibi! Mizizi ya msituni, si dawa, si kemikali! Babu wa miaka sabini kapanda mnazi, kashuka, kaoa! Bibi, usicheke, mpelekee mzee, kesho utaniletea keki!" Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye fulana ya kubana, na watu walikuwa wamemzunguka wakifurahi. Boksi lilikuwa jipya. Mafahali hawakuwepo tena, badala yake kulikuwa na farasi mweupe. Kahawa yenyewe Selamah aliitambua kwa harufu.

Mek Nab alipenya mpaka mbele. Kijana akamwona, akatoa meno yote.

"Mama! Mteja wangu wa Alhamisi! Ulipotelea wapi wewe?" Akasema na kipaza sauti, kwa sababu riziki yake ndiyo hiyo. "Jamani, mnamwona mama huyu? Kila wiki hapa, kila wiki! Vipi yule mwanao, Mama? Mambo si moto?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Muuza maboga peke yake, aliyekuwa na habari za msiba, alishika kichwa.

Mek Nab alisubiri kicheko kiishe. "Ndani mna nini?" aliuliza.

"Mizizi, Mama."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, Mama, mimi pia ni Mwislamu. Naapa mbele ya watu wote hawa. Mizizi, maziwa na sukari. Mimi mwenyewe nakunywa, baba yangu anakunywa." Na kwa nini asiape? Labda alikuwa akiamini. Yeye naye aliletewa maboksi yamekwisha kufungwa, akaambiwa uza.

Akamtilia Mek Nab paketi moja mkononi. "Hii zawadi. Msalimie mwanao."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Selamah alitembea nyuma yake hatua chache, akaona jinsi yule mama alivyoibana ile paketi ndani ya ngumi njia nzima, na pale kwenye daraja la mfereji akasimama, akaitupa majini, akaendelea na safari. Hapo Selamah alijua kwamba Mama amejua. Alifurahi, Mungu amsamehe. Alifurahi kwamba sasa wanaoubeba mzigo huu ni wawili.

"Muuzaji kamtambua?" Thilaga alipiga kelele kwenye simu Selamah alipomweleza. "Mbele za watu? Dada, hiyo ni zawadi ya Mungu! Aseme hivyohivyo, na wewe useme ulichokisikia."

*

Chumba cha mahakama kilikuwa na baridi ya mashine, na benchi za nyuma zilijaa watu ambao kesi hii haikuwahusu. Walisikia kuna kesi ya kahawa ile. Wamekuja na karanga zao.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mzima mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alianza kwa kuwapa pole wafiwa. Akasema wateja wake wanaheshimika, kahawa yao ni safi, na paketi zile zilizopimwa, ah, ni za wezi wa nembo tu, ambao kampuni imekuwa ikipambana nao siku zote. Waliozinunua waseme walikozinunua.

Mek Nab aliitwa kwanza, kwa ajili ya umri wake. Aliapa kwa sauti ya wazi. Thilaga alimsogelea kwa upole akamwuliza jina la mwanawe, kazi ya mwanawe, tabia ya mwanawe, na yule mama akajibu vizuri mpaka hakimu akaacha kuandika akamsikiliza. Alisema Deraman hakuwahi kumpandishia sauti. Alisema akirudi kazini mikono ina grisi alikuwa anakula kwa kulishwa, yeye mama yake alimlisha, mtu mwenye mvi.

"Na kila Alhamisi, Mama, ulikuwa unamnunulia nini?"

Mek Nab akaukumbatia mkoba wake.

"Mama? Ile kahawa. Uliinunua wapi?"

Akamtazama wakili, akalitazama boksi la mafahali lililowekwa mezani, akazitazama zile benchi, karanga na yote. Rogayah alikuwa mstari wa mbele, kitambaa puani. Halafu akamtazama Selamah. Miaka miwili Selamah aliishi nyumba moja na mwanamke yule, akajua kila namna ya macho yake: ya kudharau, ya kukagua sufuria, ya kutomwona mtu aliye mbele yake. Macho haya hakuwahi kuyaona. Yalikuwa yanamwomba.

"Sikununua mimi," alisema Mek Nab.

"Mama, tafadhali. Nilielezwa..."

"Mimi mwanamke mzee, ninunue vitu vya namna hiyo nimpe mwanangu wa kumzaa? Unanitukana. Muulizeni mkewe."

Benchi zikavuma. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akagonga meza. Thilaga alisimama pale na karatasi zake mkononi.

Selamah aliitwa. Aliapa.

"Selamah," alisema Thilaga, akimkazia macho, akitenga kila neno, "umeapa kusema kweli. Mwambie hakimu ni nani aliyeinunua kahawa ile, na wapi."

Lilikuwa jambo la maneno matatu. Nayo yalikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo waliyoijia. Muuza maboga angeletwa akaithibitisha, soko zima lingeithibitisha. Kampuni ingesema kwa kinywa chake, ni sisi, na jina la Selamah lingesafika kwa madereva wa malori na kwa wifi yake. Alimchukia yule mama wakati ule. Tusidanganyane, alimchukia kweli. Lakini alimwona pia pale alipoketi, mtandio umemkaa upande, akitikisa kichwa kidogokidogo kama anayekataa chakula. Naye Selamah alijua mzigo ule una uzito gani, kwa sababu alikuwa na wake, na hakuna aliyewahi kujitolea kumtua.

"Mimi," alisema.

"Selamah!"

"Niliinunua mimi."

Thilaga aliketi. Yule wakili mnene akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Pole sana kwa msiba, dada. Ulinunua kwenye kibanda cha wateja wangu?"

"Hapana." Angesema ndiyo, yule kijana wa sokoni angeitwa, naye angemtaja mteja wake wa Alhamisi.

"Wapi basi?"

"Kwa mtu wa pikipiki. Anapita tu. Simjui."

"Mtu wa pikipiki." Akamwachia hakimu nafasi aandike. "Na ulikuwa unanunua kwa nini? Samahani, kazi yangu inanilazimu kuuliza. Mumeo alikuwa hakutoshelezi?"

Nyuma mtu akacheka puani. Thilaga alipinga, hakimu akakubali, swali likafutwa. Lakini masikio ya watu hayafutwi.

"Siku ile hospitali, daktari alimwuliza marehemu kama ametumia dawa za nguvu. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua kwamba amekunywa kahawa hii?"

"Nilijua."

"Na ulijua inavyomfanya?"

"Nilijua."

"Ulimwambia nini daktari?"

"Sikumwambia kitu."

"Kwa nini?"

Selamah alitafuta jibu. Lilikuwepo, lakini pale lilionekana dogo mno, kitu cha kuchekesha, na hata yeye hakuweza tena kuelewa jinsi lilivyomshinda nguvu siku ile.

"Niliona haya," alisema.

"Muuaji!" Rogayah alisimama akipiga kelele. "Umemuua kaka yangu! Muuaji we!" Askari wa mahakama alimshika mkono, naye akawa bado anapaza sauti mlangoni. Yule wakili mnene alisema hana swali lingine. Hakuwa na haja nalo.

Hakimu hakuchukua muda. Alisema mdai ameshindwa kuonyesha kwamba bidhaa ile ilitoka kwa mdaiwa. Alisema maneno mengine pia, ya huruma, kuhusu hatari ya kununua vitu barabarani na wajibu wa wenzi kuambiana kweli na madaktari. Kesi ikatupwa. Watu wa karanga wakakung'uta nguo zao, wakatoka.

*

Thilaga alimkuta Selamah kwenye benchi la nje, chini ya feni isiyozunguka. Alikuwa na hasira mpaka machozi yalimlenga.

"Kwa nini? Niambie kitu kimoja tu, dada. Kibanda kile Alhamisi kitafunguliwa. Unajua hilo? Mtu mwingine atanunua. Mama mwingine atanunua!"

"Najua."

"Unajua! Sasa?"

Selamah aliinua macho akaitazama ile feni. Thilaga alingoja, akakata tamaa, akachukua faili zake na kwenda zake, visigino vikigonga sakafu mpaka mwisho wa varanda.

Mek Nab alitolewa na karani, akaketishwa kwenye benchi lilelile, maana Rogayah alikwenda kuleta gari. Waliketi wawili, mkoba katikati. Kwa mbali gari moja lilikuwa linarudi nyuma, likisimama, likirudi tena.

Selamah alingoja asante. Hakuitaka, lakini aliingoja, kama mtu anavyongoja kitu ambacho ni haki yake.

"Alhamisi ile nilitia paketi mbili," alisema Mek Nab. Alisema huku akitazama mbele. "Moja niliona haimsaidii. Mbona mjukuu haji? Nikatia mbili. Ijumaa asubuhi nikampa tena, mbili. Alikunywa kikombe chote. Akaniambia, tamu, Mama, ongeza."

Aliufungua mkoba, akaufunga.

"Nikamwongeza," alisema.

Gari likafika. Rogayah akateremsha kioo, uso umemvimba kwa kulia. "Mama! Umekaa na huyo unafanya nini? Inuka twende. Na wewe, sufuria zako nitazitoa nje ya uzio, uje uzichukue mchana watu wakikuona. Ndani ya nyumba ya mama usikanyage tena."

Selamah alimgeukia yule mama, akangoja.

Mek Nab alishika ukingo wa benchi, akainuka taratibu kwa ajili ya magoti yake. Alilifikia gari, binti yake akamfungulia mlango, akaingia akakaa mbele. Rogayah alimfunga mkanda. Gari likaondoka.